Siku bwana yangu alipokufa ku ukuta wa kanisa

Nilikuwa nimejiapia sitaandika habari hii, lakini kwa kuwa avenue yetu yote inaisimulia, na kila mtu anaisimulia vibaya, nimeona heri niiseme mwenyewe, maana aibu ya kujisimulia ina nafuu kuliko aibu ya kusimuliwa. Na mkiona hasira humu ndani, mjue ni ya kweli, nimejaribu kuipoza na haipoi. Sikusoma sana (nilifika mwaka wa pili wa sekondari, baba akafa, ikawa basi), kwa hiyo mnisamehe pale maneno yatakapopandana. Ila nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata wale walionikasirisha, kwa sababu hawapo hapa kujitetea, na mimi ninajua sasa namna inavyouma kusemewa wakati haupo.

Yote ilianzia kwenye chokaa.

Sisi tunakaa Kadutu, hapa Bukavu, kule juu ambako nyumba ya jirani iko chini ya miguu yako na jirani mwingine yuko juu ya kichwa chako. Bwana yangu, Déo, ambaye wote wanamwita Papa Furaha, ni mfanyabiashara wa Kamituga, anapeleka bote, vile viatu virefu vya mpira, na tochi na betri kwa wachimbaji wa dhahabu, na njia ya kule wenyewe mnaijua, mvua ikinyesha lori linalala kwenye tope mpaka dereva anazaa watoto na watu wa pale, kwa hiyo naye akienda anakwenda kweli, na réseau ya simu ikikosekana tunakaa bila habari yake. Ndivyo tunavyoishi. Si maisha ya kulia, ni maisha ya kungoja.

Basi kanisani wakatangaza kwamba tutapokea wageni kutoka ng'ambo, watu wa misioni, na kwamba watatembelea nyumba za wamama wa chorale, kwaya yetu, na nyumba yangu ikachaguliwa, siku ya Jumamosi. Nikafurahi (mnione nilivyo mjinga), nikaangalia ukuta wa salon yangu, chumba cha wageni, namna ulivyokuwa mweusi kwa moshi wa makala, mkaa wa kupikia, na mikono ya watoto, nikasema hapana, mgeni hawezi kuingia katika ukuta huu. Ijumaa asubuhi nikaanza kupaka chokaa mwenyewe. Na ili nisichafue fotei zangu za kukalia wageni, zile nne zenye vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu, nikaomba vijana wa avenue wazishushe kwa Maman Sifa, jirani yangu wa chini, pamoja na meza, télévision, na ile picha kubwa ya ndoa yetu ambayo bwana yangu amesimama kama ministre.

Nilikuwa nimepanda juu ya kiti kibovu, nimejifunga kikwembe cha kale chenye kutoboka, sachet ya plastiki kichwani, chokaa mpaka kwenye nyusi, na nyingine imeniingia jichoni, wakati niliposikia sauti ya pasta kule inje ikibisha hodi. Siku si ile! Kumbe njia ya kule walikokuwa waende Ijumaa ilikuwa imekatwa na mvua, na pasta akaona afadhali wasipoteze siku, waje kwangu. Kunipigia simu alinipigia, nimpe haki yake, simu ndiyo ilikuwa kwa Maman Sifa pamoja na fotei.

Maman Sifa akawaona wakipanda ngazi, akaniita kutoka chini.

“Maman Furaha, nikupandishie ma fotei?”

Na hapo ndipo niliposema lile neno dogo ambalo mpaka leo ninalikumbuka nikiwa ninaosha vyombo, na sahani inabaki mkononi. Nilisema, “Acha tu, Maman Sifa, wamesha fika ku mulango.” Nilifikiri ni aibu kuwasimamisha wageni inje wakati vijana wanapita na fotei kichwani. Nilifikiri, mgeni mwema haangalii kiti. Acha tu! Maneno mawili.

Wakaingia. Pasta akakaa juu ya bidon tupu ya maji. Frère Espoir, mkalimani wetu, yule kijana wa université mwenye miwani, akabaki wima kwa sababu ya suruali yake mpya. Na yule mgeni, dada mmoja anaitwa Hana, akakaa chini kabisa, kwenye udongo, karibu yangu, akanishika mkono wenye chokaa. Sitasema uongo: ule moyo wake ulinigusa. Wageni wengine wanakuja wakinusa hewa kama watu wanaotafuta panya aliyekufa. Huyu alikaa chini. Akauliza kama anaweza kunichukua filamu na simu yake, nikaomba kwanza ninawe uso, tukatafuta maji, maji yote nilikuwa nimeyatia katika chokaa na robinet ilikuwa kavu, basi nikasema haidhuru, achukue. Tena nilimwambia kupitia Espoir kwamba ninapaka nyumba kwa ajili yao, na Espoir akatafsiri, nilimsikia, maana Hana alicheka na kupapasa ukuta akachafuka kidole.

Akaniuliza bwana yangu yuko wapi. Nikasema Kamituga, anauza bote. Akaniuliza ni kitu gani kinaniogopesha katika maisha. Swali kama hilo, jamani, sisi hatuulizani. Hakuna mtu wa Bukavu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo, labda kwa sababu kila mtu ana jibu lake tumboni. Nikajikuta ninamweleza habari ya shemeji yangu, Mugisho, mdogo wa bwana yangu, aliyekuwa mchimbaji, shimo likamwangukia kule kule Kamituga, na wenzake walichoweza kuleta kwa mama yake ni bote zake tu, alizokuwa amezivua na kuziacha ku mdomo wa shimo kwa sababu siku hiyo alitaka kuingia miguu mitupu. Nikasema, tangu hapo kila bwana yangu akikawia, mimi ninaona bote. Nikaomba tumuombee arudi mzima. Tukaomba. Machozi yakanitoka, mengi sana, na nitakuwa wa haki: labda mengine yalikuwa ya Mugisho, lakini yale mengi yalikuwa ya chokaa, jicho lilikuwa linawaka kama pilipili. Hana akanikumbatia, akatoka mweupe kuliko alivyoingia, na sote tukacheka. Ndiyo ziara. Walipoondoka nilipanda tena juu ya kiti changu, nikamaliza ukuta.

Bwana yangu akarudi mzima kabisa, na mafua tu. Miezi ikapita.

Halafu pasta akatangaza kwamba Hana anarudi na wenzake kwa juma moja, na kwamba wataleta filamu waliyotengeneza kule kwao juu ya kazi ya Mungu katika Bukavu, na Jumapili itaonyeshwa na projecteur kanisani, na kwamba ndani yake kuna Maman Furaha. Mngeniona! Mimi ambaye hata kwenye picha ya chorale ninawekwa nyuma kwa sababu ya urefu. Nilitangaza sokoni. Nilitangaza kwa wenye kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, nilimtangazia Maman Sifa ambaye alinijibu kwamba kama fotei haziko ndani ya filamu yeye haoni faida. Na kubwa kuliko yote, nilituma ujumbe Kavumu kwa mama mkwe wangu, Koko Nabintu, kwamba aje, aone. Koko si mtu wa kushuka mjini ovyo. Tangu Mugisho afe ametoka Kavumu kwa kilio na ndoa tu. Nikamsihi. Bwana yangu mwenyewe aliniambia, “Acha muzee apumzike.” Sikumsikiliza. Alikuja, na kitenge chake cha heshima, nikamketisha benchi ya kwanza, kati yangu na bwana yangu, aliyevaa shati mpya ya bleu. Wenye protokole, wale wanaokalisha watu, walitaka kutusogeza kwa ajili ya wakubwa, nikawaambia leo mkubwa ni mimi. (Ninaandika hivi na masikio yananiwaka.)

Mahubiri yakaisha. Wakafunga madirisha kwa vikwembe, groupe ya umeme ikanguruma inje, na ukuta wa mbele ukapata mwangaza. Filamu ilisema lugha ya kwao, na Frère Espoir akasimama pembeni na micro ya kusemea ili atafsiri palepale, kitu ambacho alikuwa hajakiona hata mara moja. Na hapo nami ninamhurumia. Mtu anapewa kikombe, anaambiwa anywe mbele ya watu, hajui kilicho ndani.

Kwanza tukaona ziwa. Halafu piano, ile ya polepole, ile ambayo ukiisikia tu unajua kuna mtu atakayepata shida. Halafu nikatokea mimi, mkubwa kama nyumba, sachet kichwani, kikwembe kimetoboka begani, uso mweupe, machozi yanachora njia mbili katikati ya chokaa. Nyuma yangu salon tupu, bila kitu hata kimoja. Kanisa lote likapumua kwa pamoja. Nikasikia wamama wa chorale nyuma yangu wanasema, lakini fotei za Maman Furaha ziko wapi, si tulikaa juu yake juzi? Nikataka kugeuka nieleze, na ndipo Espoir akaanza.

“Huyu ni mama wa Bukavu,” akasema. “Hana kiti. Hana... chakula ya kesho. Amejipaka majivu ku uso, kwa... desturi ya wajane.”

Neno la mwisho lilimtoka kabla hajaliangalia. Likishatoka akaliangalia. Kisha akatuangalia sisi, benchi ya kwanza, akamwona bwana yangu na shati yake ya bleu, na filamu haikumngoja, iliendelea kusema, naye akaanza kuikimbiza kwa maneno mafupi mafupi kama mtu anayeteremka ngazi za Kadutu katika mvua.

“Bwana yake... bwana yake alikuwa anatafuta dhahabu. Udongo... ulianguka. Walipata tu bote zake. Bwana yake... Mungu alimuita.”

Na bwana yangu, ambaye ninampenda lakini hajawahi kujua saa ya kunyamaza, akasema kwa sauti yake ile ya sokoni:

“Aliniita saa ngapi? Sikusikia.”

Kanisa likapasuka. Watu walicheka mpaka benchi zikalia, watoto wakapanda juu ili wamwone marehemu, na mtu fulani nyuma akapaza sauti kwamba tutoe pole kwa familia, na wageni, ambao hawakuelewa kitu, wakatabasamu na kupiga makofi, wakidhani ni furaha ya kujiona. Kicheko kilikuwa kinapita juu yangu kama lori. Nikaona heri ardhi ifunguke (na hata hilo wazo likanitia haya, maana ardhi ilikwisha kufunguka kwa mtu wa familia hii).

Koko hakucheka. Alikuwa ameshika lile neno moja, bote. Akanigeukia taratibu, na hakusema kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira.

“Ile bote nilikuambiaka weye,” akasema. “Weye peke.”

Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasimama mbele ya mwangaza, kivuli chake kikafunika uso wangu kule ukutani, akatoka inje peke yake. Na mimi nikajua kwamba katika kichwa chake mambo ni haya: mke wa mtoto wangu alichukua kifo cha Mugisho, akakivalisha Déo aliye hai, akawapa wazungu ili wamuhurumie. Nani angenitetea? Uso ni wangu, machozi ni yangu, bote ni mimi niliyezisema. Hata mimi mwenyewe, na hii ndiyo hasira yangu kubwa, kwa dakika kidogo nilijiuliza: au nilisema hivyo? Chokaa ilikuwa jichoni, labda nilisema vibaya? Unaona namna wanavyoweza kukuibia? Wanakuibia mpaka na uhakika wa kile kilichotoka katika kinywa chako.

Mwangaza ukawashwa. Pasta alikuwa amekwisha kuona, si mjinga, akashuka haraka akaniinamia sikioni.

“Maman, tutaongea kesho ku bureau,” akasema. “Tusiwapatishe wageni haya.”

Haya ya wageni! Haya yangu ilikuwa imetandazwa ukutani, imewekewa na piano, na yeye anaogopa haya ya wageni. Ninajua, pasta ana mzigo wake, bati za kanisa na shule ya watoto zinatoka kwa watu hao, na mtu mwenye watoto wengi wa kulisha hagombani na mwenye chungu. Ninalijua hilo. Lakini mama mkwe wangu alikuwa inje amekaa peke yake, na kesho ku bureau yeye angekuwa ameshapanda gari la Kavumu na hilo neno moyoni.

Sasa kwetu kuna saa ya ushuhuda. Kabla ya sala ya mwisho, mtu yeyote akiinua mkono anapewa micro, hata pasta hawezi kumnyima, ni desturi ya kanisa toka wazee. Nikainua mkono. Pasta akaangalia dari, akaangalia saa, mwishowe akanipa. Lakini desturi hiyo hiyo ina mkia wake: huwezi kuanza ushuhuda kwa maneno, lazima kwanza uimbishe wimbo, angalau ubeti mmoja, na chorale ikupokee. Hasira yangu ilikuwa imefika kooni, na mimi natakiwa kuimba! Nikatafuta wimbo wa huzuni, haukuja. Wimbo pekee uliokuja ni ule wa shukrani tunaouchezea ku arusi. Nikauanzisha kwa sauti ya mtu anayegombana na muuza makala. Chorale wakadhani nina nguvu ya Roho. Ngoma ikaingia, guitare ikaingia, wamama wakaondoka kwenye benchi wakaja kunizunguka na leso, na mimi katikati, meno nimeyauma, ninaruka kwa sababu ukisimama wima wanakukanyaga. Nikasema moyoni, huu ubeti ukiisha tu, ninaanza kusema. Hawakuumaliza. Wakaurudia. Na nilipogeuka, nani namwona mbele yangu, anacheza, macho yana machozi ya furaha, simu imeinuliwa?

Hana. Ananichukua filamu tena.

Nikaona kabisa ile filamu ya pili namna itakavyokuwa: mjane wa Bukavu, ingawa bwana yake alikufa, anacheza. Nikauweka mkono wangu juu ya simu yake, polepole, nikaishusha. Guitare ikanyamaza ya kwanza, halafu ngoma, halafu wamama mmoja mmoja. Nikamwambia Espoir asimame karibu yangu, atafsiri kila neno, na safari hii asikimbie.

“Miye si mujane,” nikasema. “Bwana yangu ni ule pale, mwenye shati ya bleu. Ile chokaa ilikuwa ya ukuta, nilikuwa nawapakia ninyi wageni nyumba. Ule mutu alikufa hakukuwa bwana yangu. Alikuwa na jina yake. Aliitwa Mugisho, na mama yake aliwasikia leo, na iko inje.”

Nilikuwa nimepanga mengi zaidi, makali. Hayakutoka. Nikarudisha micro nikatoka, na nyuma yangu nikasikia Espoir akimaliza kutafsiri, neno kwa neno, juu ya ngurumo ya groupe.

Koko alikuwa amekaa kwenye ngazi ya saruji, miguu ameinyoosha. Nikakaa karibu, hakunisogelea, hakunisukuma. Bwana yangu akaja akasimama, kicheko kimemwisha. Halafu akaja Hana, na Espoir nyuma yake. Akapiga magoti. Akasema mambo ambayo ninayaandika kama nilivyoyasikia, bila kuongeza: kwamba yeye alipeleka habari yote sawasawa, watu wawili, aliyekufa na aliye hai. Kwamba wenye kutengeneza filamu kule kwao ndio walioikata, kwa sababu filamu ilikuwa fupi na watu wawili walikuwa wengi, watu wangechanganyikiwa. Kwamba yeye aliiona ikiwa imekwisha, na akaona kuna kitu hakiko sawa, lakini watu walilia sana walipoiangalia, wakaomba sana kwa ajili ya Congo, akafikiri, kama imeleta maombi, haina ubaya.

Labda ni kweli si yeye. Mimi sikuwa kule. Lakini aliiona, na akaileta mwenyewe mpaka Bukavu, ku benchi yangu ya kwanza, kwa sababu haikumpita kichwani kwamba sisi nasi tuna macho ya kuangalia. Hilo siwezi kumsaidia.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu anayemuuliza mgeni habari za nyumbani.

“Mama yako iko muzima?”

Hana akasema ndiyo, yuko, ni mzima. Akatabasamu hata.

“Muzuri,” akasema Koko. “Kesho miye narudia Kavumu. Nitaambia watu ya kanisa yetu kwamba alikufa. Watakulilia sana. Watakuombea.”

 Espoir alipotafsiri, nikaona lile neno linaingia katika uso wa Hana kama maji yanavyoingia kwenye ukuta wa udongo, kwanza huoni kitu, halafu unaona. Akafungua kinywa kusema hapana, usiseme hivyo, na hakusema, kwa sababu alielewa hana ruhusa ya kusema hivyo. Akalia. Na mimi, niwe wa haki mpaka mwisho, sikumwonea huruma mara moja. Nilimwacha alie kidogo. Ilikuwa zamu yake, na macho yake hayakuwa na chokaa.

“Basi, usilie,” akasema Koko. “Sema jina ya mutoto wangu.”

Hana akasema. Alilisema vibaya, kama mtu anayetafuna kitu cha moto. Koko akamwambia tena. Akasema tena. Tena. Mpaka likatoka sawa, Mugisho, na hapo Koko akafumba macho kidogo, akaninyoshea mkono nimwinue.

Mimi hakunisamehe palepale, msidhani. Njiani aliniuliza, “Na bote uliwapatia ya nini?” Sikuwa nimesema uongo. Nilisema kweli ambayo haikuwa yangu, mbele ya mtu ambaye sikujua ataibeba namna gani. Nyumbani alikataa kula mpaka mtoto wake ale kwanza. Tulipakua bugali na sombe, majani ya muhogo, tukamweka Papa Furaha kwenye fotei, na Koko akakaa mbele yake akimwangalia kila tonge, namna linavyoingia, namna shingo inavyomeza, na bwana yangu, mwenye mizaha yote ile, alikula kimya kama mtoto mgonjwa, akaongezwa, akala tena.

Pasta tuliongea ku bureau. Alisema angelipaswa kuiangalia filamu kabla ya watu, na aliomba msamaha, na niliupokea, ingawa aliuomba huku ameufunga mlango. Hana alisema filamu itaondolewa. Lakini shemeji ya Maman Sifa anayekaa ng'ambo ametuambia kwamba bado iko ku internet, anaipata ku simu, na piano yake na majivu yake, na watu chini yake wanaandika pole. Watu wema, ninaamini. Kuna kanisa mahali fulani ambamo mimi ni mjane, na sina mlango wa kuingilia niwaambie wanyamaze.

Kwa hiyo nimeweka sheria katika nyumba yangu, na pasta anaijua. Mgeni akija atakaa kwenye fotei hata kama itabidi angoje inje zipandishwe. Na akitaka kubeba habari yetu, kwanza ataisimulia palepale, mbele yangu na mbele ya yule inayemhusu, tuisikie namna itakavyosikika kule, na mwenyewe akisema hapana, itabaki Kadutu. Hana kiti cha kuikalia? Tutampa. Hana muda? Basi hana habari.

Juzi Papa Furaha ameondoka tena kwenda Kamituga na mzigo wake wa bote. Mvua inanyesha, réseau hakuna. Ninangoja kama ninavyongojaga, na kitu kimoja ndicho kinachonikasirisha kuliko vyote, ninakiandika hapa kisha nifunge: kama siku moja Mungu asipomrudisha, mimi nitalia kweli, na huko mbali hakuna atakayeshtuka, kwa sababu machozi yangu waliyaona zamani. Waliniliza kabla ya saa, na kilikuwa kilio cha chokaa.